Nadhiri za Kibuddha kwenye Kaunta ya Agroveti

Katika mafundisho ya kale ya Kibuddha kuna orodha fupi ya biashara tano ambazo muumini wa kawaida, yaani yule asiye mtawa, anashauriwa asizifanye: kuuza silaha, kuuza binadamu, kuuza nyama, kuuza vileo na kuuza sumu. Mimi nina duka la agroveti hapa Nakuru. Nauza mbegu, mbolea, chakula cha kuku, dawa za minyoo na chanjo za vifaranga, na katika kabati lenye kufuli nyuma ya kaunta nauza dawa za kuua wadudu, dawa za magugu na sumu ya panya. Kwa hiyo jamaa zangu wanaponiuliza, kama wanavyoniuliza kila tukutanapo kwenye matanga au harusi, imekuwaje nikaanza kufuata nadhiri za Wabuddha, swali lao huwa jepesi kuliko lile ninalojiuliza mwenyewe: nadhiri hizo zinanitaka nifanye nini kesho asubuhi nitakapofungua mlango?

Niseme mapema kwamba sijahama kanisa. Jumapili utanikuta kwenye benchi lilelile nililoanza kukalia nilipoolewa, na padri wetu anajua ninachosoma. Aliniuliza kama bado ninasali rozari, nikamwambia ndiyo, akabadilisha mazungumzo. Ubuddha si jambo geni kabisa katika Afrika Mashariki. Dar es Salaam kuna hekalu lililojengwa na watu wa asili ya Sri Lanka, na ng'ambo ya Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe, mtawa Mganda aitwaye Bhante Buddharakkhita alianzisha kituo cha Wabuddha mwaka 2005. Mimi nilizifikia nadhiri hizi kwa kusoma na kwa kusikiliza mihadhara kwenye simu wakati duka halina wateja, na nilichokipenda tangu mwanzo ni jinsi zilivyosemwa.

Nadhiri za msingi ni tano, na kila moja huanza kwa maneno yaleyale: nachukua kanuni hii ya mafunzo, ya kujiepusha na jambo fulani. La kwanza ni kuua viumbe wenye uhai, la pili ni kuchukua kisichotolewa, la tatu ni mwenendo mbaya wa kingono, la nne ni kusema uongo, na la tano ni vileo vinavyomtia mtu uzembe. Kwa mtu aliyelelewa kwa Amri Kumi, kama mimi, tofauti inaonekana mara moja. Hapa hakuna sauti inayoamuru kutoka mlimani. Anayesema ni mimi mwenyewe, na ninachokisema ni kwamba ninajifunza. Katika nchi kama Sri Lanka, Thailand na Myanmar waumini huzikariri mbele ya mtawa, na aliyeivunja mojawapo huja kuikariri tena bila kesi. Watawa wa kiume wa mapokeo hayo, yaitwayo Theravada, ambao kanuni zao ni 227, hukusanyika mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakaungama makosa yao wao kwa wao na kuzisoma kanuni zote upya.

Ninavyoona mimi, faida kubwa ya nadhiri ni kwamba inaishusha huruma kutoka moyoni hadi mikononi. Huruma ikiachwa peke yake huwa na upendeleo. Tunamhurumia ndama kwa sababu ana macho makubwa, hatumhurumii panya. Tunamhurumia mtoto tuliyemwona kwenye taarifa ya habari, hatumhurumii mteja mwenye deni anayevuka barabara asikutane nasi. Nadhiri haiulizi unajisikiaje. Inataja tendo, na tendo unaweza kulikagua jioni unapofunga hesabu, pamoja na mauzo.

Nadhiri ya kwanza ndiyo iliyonitoa jasho, na ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, maana mwenye agroveti hawezi kuipitia juujuu. Wafafanuzi wa kale walisema kwamba tendo la kuua hukamilika yakiwapo mambo matano: kiumbe awe hai, mtu ajue kwamba yu hai, akusudie kumwua, afanye jitihada, na kiumbe huyo afe. Kusudio liko katikati ya hesabu hiyo. Ndiyo maana mtawa amekatazwa hata kuchimba udongo, lakini mkulima wa kawaida hajawahi kukatazwa kulima, ingawa kila mtu aliyeshika jembe anajua kinachowapata minyoo. Nilipolisoma hilo nilipata nafuu kidogo, kisha nafuu hiyo ikaisha, kwa sababu mtu anayeuza sumu ya panya hawezi kusema kwamba panya amekufa kwa bahati mbaya.

Basi niligeukia rafu zangu. Mkulima anayekuja kulalamikia panya ghalani sasa namwonyesha kwanza kihenge cha bati, na kama hana fedha za kihenge namwonyesha mifuko ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa, na namweleza namna ya kuliinua ghala juu ya nguzo na kuzivisha nguzo hizo mabati ili panya asipande. (Mfuko usiopitisha hewa, kwa kweli, unawaua dumuzi kwa kuwanyima pumzi, msomaji makini atakuwa ameliona hilo kabla yangu.) Sumu bado ipo kabatini. Kuna mama aliyelia mbele ya kaunta yangu kwa sababu panya walikuwa wameingia kwenye gunia la mwisho la mahindi kabla ya mavuno, na watoto wake wanakula mahindi, hawali falsafa. Nilimuuzia. Wako Wabuddha watakaosema sikupaswa, na wako watakaosema nilipaswa. Mimi nimekaa upande wa yule mama, nikijua kwamba kukaa huko kuna gharama ambayo nadhiri hairuhusu niisahau.

Lakini kuna siku nadhiri hii huamua jambo waziwazi. Mzee mmoja kutoka upande wa Njoro, mteja wa siku nyingi, aliingia akiwa na gumboti zilizojaa matope, akaomba sumu. Nilimuuliza kama ni ya panya wa ghalani au wa nyumbani.

"Si panya, mama. Ni mbwa wa jirani. Wamenimalizia kuku."

"Pole, mzee. Wamekula wangapi?"

"Jogoo na matetea wawili. Wale wa chanjo yako."

"Na jirani mwenyewe anasemaje?"

"Anataka ushahidi. Nitampelekea, ukiwa umelala chali."

Nilimwambia kwamba sumu ya kutiwa kwenye nyama siuzi, na kwamba nyama ikishatupwa uani haichagui atakayeila: inaweza kuliwa na mbwa wake yeye mwenyewe, na paka, na mwewe, na hata mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Mzee alinitazama kwa muda, akasema, "Mama, wewe siku hizi umeokoka vibaya." Tulicheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichotusaidia. Nilimuuliza banda lake lina ukubwa gani. Akalipima kwa kumbukumbu, akiilaza bakora yake sakafuni mara tatu na nusu kwa urefu na mara mbili kwa upana, nami nikamkatia wavu wa chuma kwa kipimo hicho, nikaongeza bawaba mbili na misumari, nusu akalipa na nusu ikaandikwa daftarini. Jirani wake naye hununua kwangu dawa ya kupe. Nilimpigia simu mchana uleule kumwambia kwamba mbwa wake wako hatarini, bila kumtajia aliyekuja dukani, naye akaniambia kwamba atawafunga usiku.

Hakuna utakatifu wowote katika kisa hicho. Ni biashara ya wavu. Ninachotaka kukionyesha ni mahali nadhiri ilipokaa, nayo ilikaa kati ya mkono na kufuli. Kwa kuwa nilikuwa nimesema asubuhi hiyo, kama ninavyosema kila asubuhi, kwamba ninajifunza kujiepusha na kuua, nililazimika kuuliza swali la pili kabla ya kutoa funguo, na swali la pili ndilo lililomleta jirani kwenye mazungumzo.

Kuna jambo zito zaidi kuhusu kabati hilo ambalo kila mwenye agroveti analijua na wachache hulizungumza, nalo ni kwamba si kila anayenunua dawa ya wadudu ana shamba. Hapa mfano wa Sri Lanka umenifundisha kuliko mahubiri. Ni nchi ambayo wengi wa watu wake ni Wabuddha na nadhiri ya kutoua hukaririwa huko kila siku, na bado katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya watu kujiua duniani, wengi wao kwa dawa za shambani. Kuanzia mwaka 1995 serikali ilipiga marufuku zile zenye sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine, na katika miaka 20 iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kilichookoa watu hao ni uamuzi kuhusu kinachowekwa kwenye rafu. Tangu nilipolijua hilo, dawa kali ninazoweza kuziacha nimeziacha, hata kama zimeruhusiwa, na zilizobaki siziuzi bila kuzungumza na mnunuzi: shamba liko wapi, zao ni lipi, nani atanyunyiza. Nikimwona mtu ana majibu mafupi na macho yaliyochoka, namvutia kiti na kumwagizia chai kwa jirani, tunakaa, na dawa inabaki ndani ya kabati mpaka nimpate mtu wa nyumbani kwake kwa simu.

Vilevile nyanya. Kila dawa ina idadi ya siku ambazo mkulima anapaswa kungoja baada ya kunyunyiza ndipo avune, na idadi hiyo imechapishwa kwenye lebo kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu hawezi kuzisoma bila miwani. Wako wanaonyunyiza Jumatatu na kupeleka sokoni Jumatano, na kachumbari inaliwa Jumatano hiyohiyo. Sasa nimeweka kalamu nene ya wino mweusi kwenye kaunta, namuuliza mteja atanyunyiza lini, nahesabu, halafu naandika juu ya boksi, "Vuna kuanzia tarehe 14." Wengine wananiambia soko halingoji. Ni kweli, halingoji, lakini tarehe imeandikwa, na mke wa mkulima au mtoto wake atalisoma boksi hilo hata kama yeye hatalisoma.

Nadhiri ya pili, ya kutochukua kisichotolewa, nitaipita haraka kwa sababu katika biashara yangu haina utata: mizani iwe sawa, mbegu ziwe zile zilizoandikwa kwenye pakiti, na pakiti iliyopitwa na wakati itolewe. Atakayedanganya kwenye mbegu hachukui bei ya pakiti peke yake. Anamchukulia mkulima msimu mzima wa mvua.

Ya tatu inahitaji tushuke hadi ziwani. Mama mdogo wangu hununua omena, yaani dagaa wa ziwani, kwenye fuo za Kisumu na kuziuza katika soko la Kibuye, na kutoka kwake nilisikia habari za jaboya muda mrefu kabla ya kuzisoma kwenye magazeti: mvuvi anamwekea mwanamke samaki wake, na mwanamke analipa kwa fedha na kwa mwili. Maandishi ya kale ya Kibuddha yanaifafanua nadhiri ya tatu kwa kutaja watu ambao mtu hapaswi kuwaendea, kama vile walio chini ya ulinzi wa wazazi na wale walio na waume. Thich Nhat Hanh, mtawa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliiandika upya kwa ajili ya watu wa leo, akaweka ndani yake wajibu wa kuwalinda watoto na kuzilinda familia zisivunjwe na mwenendo huo. Nilipomweleza mama mdogo, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mwanangu, hiyo nadhiri mpelekee mwenye boti. Mimi nikikataa leo, kesho boti ikitia nanga hakuna atakayeniona."

Maneno yake yamebaki nami, kwa sababu yanagusa udhaifu ambao wanaoisifu huruma huupita. Kujiepusha ni rahisi kwa mwenye nguvu, na humgharimu zaidi asiye nazo. Jibu bora nililolipata ndani ya historia ya Ubuddha lilitoka kwa B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa katiba ya India na ambaye alizaliwa katika jamii iliyohesabiwa kuwa najisi. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na umati wa mamia ya maelfu ya watu wa jamii hizo, na akawapa nadhiri 22. Ndani yake mna zile za kawaida, za kutoiba, kutosema uongo na kutokunywa pombe, na mna ile ya kuwahurumia viumbe wote na kuwalinda. Lakini pia mna nadhiri ya kujitahidi kuuleta usawa. Aliyekanyagwa alikuwa anaahidi kwamba hatakanyaga, na papo hapo kwamba hatakubali tena kukanyagwa. Ziwani nako ziko fuo ambako wanawake walipata boti zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, na sidhani kama kuna tafsiri bora ya nadhiri ya tatu kwa mwanamke wa omena kuliko kuwa na boti.

Nadhiri ya nne naipenda kwa sababu ya mafundisho ambayo Buddha alimpa Rahula, mwanawe, aliyekuwa bado mtoto. Rahula alimwekea baba yake maji ya kuoshea miguu. Buddha alipomaliza aliacha maji kidogo ndani ya kata, akamwonyesha mwanawe, akamwambia kwamba utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo wa kujua ni mdogo kama maji hayo; akayamwaga, akasema utawa wake umetupwa hivyo; akaipindua kata, kisha akaigeuza akaionyesha ilivyo tupu, na kila mara akasema neno lilelile. Baadaye akamfundisha kulitazama kila tendo kabla ya kulitenda, wakati wa kulitenda na baada ya kulitenda, na kujiuliza kama linamdhuru yeye, linamdhuru mwingine, au linawadhuru wote wawili. Hapana adhabu katika kisa hicho wala sauti ya ukali. Kuna baba, mtoto na kata ya maji, na kila aliyelelewa kwenye nyumba yenye mtungi anaielewa.

Mahali pengine Buddha anasema kwamba neno jema lina sifa tano: linasemwa kwa wakati wake, ni la kweli, ni la upole, lina manufaa, na linatoka katika moyo wa upendo. Ukweli ni sharti moja kati ya matano. Hilo limenisaidia sana kwa wenye ng'ombe. Mfugaji huja mbio akiwa na fedha za kuazima, ng'ombe wake wa maziwa ana ndigana kali, amelala tangu juzi, anapumua kwa shida na povu linamtoka puani. Dawa ipo na ni ghali, nayo hufanya kazi ikiwahi. Kumuuzia bila kusema neno ni kumchukulia fedha, na kumwambia mbele ya watu kwamba amechelewa ni kumvunja moyo na kumwaibisha. Huwa namwita pembeni, karibu na magunia ya chakula cha kuku, namwuliza alama moja baada ya nyingine, na ninampigia daktari wa mifugo simu tukiwa tumesimama wote wawili, ili asikie kwa masikio yake. Wengine hununua hata hivyo, kwa kuwa mtu hawezi kukaa tu akimtazama ng'ombe wake akifa, na hilo nalo nimejifunza kuliheshimu.

Kuhusu ule uongo mdogo wa simu, "niko njiani, nimefika hapo kwa stendi," wakati mtu bado anatafuta soksi, nakiri kwamba taifa zima lina kazi ya kufanya, na Nakuru haijaachwa nyuma. Pia kuna makundi ya WhatsApp ya ukoo. Kabla ya kusambaza habari ya mtu huwa nazipitisha sifa zile tano moja baada ya nyingine, na ni nadra sana habari kufika hata ya tatu.

Ya tano sina mengi ya kuisemea. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliruhusu chang'aa ili itengenezwe kwa utaratibu, na bado tumeendelea kuwazika watu waliokunywa kilichochanganywa vichochoroni. Ukoo wetu umechangia makaburi hayo. Mimi sinywi, na busaa ikizungushwa kwenye matanga huko kwetu naupokea mrija, naupitisha kwa anayefuata, hapana anayenisumbua.

Zaidi ya hizi tano ziko nadhiri nyingine, za bodhisattva, yaani mtu aliyeapa kuifikia njia ya Buddha kwa ajili ya kuwaokoa viumbe wote, ambazo hukaririwa katika mapokeo ya Mahayana ya China, Japani, Korea na Vietnam kwa sentensi nne: viumbe hawana idadi, naapa kuwaokoa wote; tamaa na ghadhabu hazina mwisho, naapa kuzikomesha zote; milango ya mafundisho haina hesabu, naapa kuiingia yote; njia ya Buddha haina iliyo juu yake, naapa kuifikia. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataona kwamba haiwezekani. Mhasibu wa chama chetu, ambaye ni rafiki yangu, aliniambia kwamba hiyo si ahadi, hiyo ni hundi isiyo na fedha benki.

Nimelifikiria neno lake, na nadhani ukubwa huo una kazi yake. Ahadi ya kuwasaidia watu fulani huniruhusu nichague. Ahadi ya kuwasaidia wote hainiachii mlango wa kumtoa mtu nje. Walimu wa Tibet hufundisha kwamba nadhiri hii huvunjika mtu anapomtenga moyoni mwake hata kiumbe mmoja, na bila shaka aliyetengwa huwa ana sura na jina. Kwangu mimi huwa ni mtu wa daftari la madeni. Yuko mama aliyechukua mbolea kwa mkopo msimu uliopita, mahindi yakakauka, na sasa hupita ng'ambo ya barabara. Nadhiri haisemi nimsamehe deni. Inanikataza kumgeuza kuwa tarakimu. Nilimtuma mtoto amwambie kwamba mbegu za sukumawiki zimefika na kwamba aje tuzungumze jinsi atakavyolipa kidogo kidogo. Alikuja siku ya tatu na kuku mmoja mkononi, amemfunga miguu, kama sehemu ya malipo.

Kuku huyo alinitia kwenye shida nyingine, maana kwetu Kakamega mgeni asiyechinjiwa kuku atasimulia habari hizo hadi kwa wajukuu. Watawa wa Theravada huruhusiwa kula nyama wasiyoona, wasiyosikia wala kushuku kwamba mnyama wake amechinjwa kwa ajili yao. Jaribu kumweleza shangazi wa Kakamega sharti hilo wakati kuku anakimbizwa uani kwa jina lako. Mimi hula, na nashukuru, na nikirudi Nakuru sinunui nyama ya nyumbani kwangu. Kuku wa deni yuko hai, anataga.

Kati ya walioandika kuhusu nadhiri za bodhisattva, ninayemrudia zaidi ni Shantideva, mtawa wa karne ya 8 katika chuo cha Nalanda huko India, ambaye aliomba awe dawa, na tabibu, na mwuguzi wa wagonjwa mpaka ugonjwa wao upone. Mtu anayeshinda katikati ya chupa za dawa hawezi kulisoma ombi hilo bila kutazama rafu zake. Hata hivyo, andiko lililobadilisha zaidi siku zangu ni la kawaida sana, nalo ni mawaidha ya Buddha kwa kijana Sigala, aliyekuwa akisujudia pande sita za dunia kila asubuhi kwa sababu baba yake alimwachia wosia huo. Buddha alimwambia kwamba pande hizo ni watu: wazazi, walimu, mke au mume, marafiki, wafanyakazi, na watu wa dini. Upande wa chini ni wafanyakazi, na mwajiri anawiwa nao mambo matano: awape kazi kulingana na nguvu zao, awape chakula na mshahara, awauguze wakiugua, awagawie vyakula vizuri anavyovipata, na awape mapumziko kwa wakati wake.

Dukani ninaye msichana anayenisaidia. Mifuko ya mbolea ina kilo 50, na ya chakula cha ng'ombe wa maziwa inafika 70. Nilipofika kwenye jambo la kwanza kati ya yale matano nilimwita kijana wa mkokoteni aliye kwenye kona, tukapatana bei ya kila mfuko, na gharama hiyo sasa ina safu yake kwenye daftari la matumizi. Chakula na mshahara havikuwa na mjadala, na alipougua malaria alilipwa siku zake zote. Jambo la tano ndilo bado linabishaniwa. Nilimpa Jumatano, siku ambayo duka limepoa, na yeye akaniambia kwa heshima zote, "Mama, Jumatano mtoto wangu yuko shule." Jumamosi ndiyo siku yangu ya mauzo kuliko zote, wakulima wa Bahati na Subukia huteremka mjini, na peke yangu siwezi. Tumesogezana, nikaongeza, akapunguza, tukafikia Jumamosi moja kila mwezi kwa kuanzia, na ya pili tutaizungumzia mvua za masika zikipita. Ameshazizungushia zake kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, hadi Desemba, na nimeona kwamba Agosti amezungushia mbili.